Jina la Katikati ya Wimbo

Durban, 4 Februari 1968

Mama,

Hujambo? Mvua imefika huko? Mimi mzima, ila mgongo umechoka na magunia ya sukari pale bandarini.

Jumapili walinipa nafasi klabuni, karibu na bweni letu la wafanyakazi. Nilipiga gitaa mpaka watu wakasimama. Kisha pakafika katikati ya wimbo, pale mpigaji anapojigamba: ukoo wa baba yake, mto aliokunywa maji yake. Nikanyamaza. Vidole vikaendelea vyenyewe. Mzee Sokhela, mwenye klabu, akasema, "Kijana, gitaa tumelisikia. Wewe ni wa nani?" Mmoja akadakia kwamba labda nililetwa na mafuriko.

Nisiporudi na jina, nafasi ni ya mwingine. Mama, baba yangu ni nani?

Mwanao,
Mfanafuthi


25 Februari

Mwanangu,

Sisi wazima. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Huo mgongo ukande kwa maji moto. Babu yako ndiye aliyekulea. Jigambe kwa ukoo wake wa Ntuli, yatosha.

Mama yako


10 Machi

Mama,

Salamu kwa wote. Nilijigamba kwa Ntuli. Akainuka mtu wa kwetu: "Huo ukoo wa mama yake. Jamani, kijana kavaa sketi." Hata Sokhela alicheka. Sasa bandarini jina langu ni Sketi. Nimebakiwa na Jumapili moja tu, baada ya Pasaka. Sikuulizi ili nikulaumu.

Mwanao


31 Machi

Mama, hujajibu. Unaumwa?

Mwanao


16 Aprili

Mwanangu,

Siumwi. Niliogopa. Baba yako ni Nkomiyahlaba, wa ng'ambo ya mto. Nikiwa na mimba yako, watu wake na wetu walipigana kwa mikuki, mjomba wako akafa. Baba yako hakuvuka tena. Hapo bwenini unalala na watoto wa watu wetu waliozika ndugu zao. Nimekupa jina ulijue, si uliimbe. Nakuomba.

Mama yako


29 Aprili

Mama,

Natumaini u mzima. Najua uliniomba. Nililitaja.

Watu wanne wa kwetu walichukua kofia zao wakatoka. Sokhela akasema tu, "Endelea." Nafasi nimepata. Niliporudi bwenini, godoro langu lilikuwa nje. Wazee wa ng'ambo ya mto, watu wa baba, wakaniita chumbani kwao, mkubwa wao akauliza aliyenizaa ni binti wa nani. Nikasema wa Ntuli. Kisha mmoja akasogeza fimbo zake ukutani nipate pa kulala.

Barua zako zipeleke klabuni.

Mwanao,
Mfanafuthi