Nguo za Safari za Babu Lin

Babu Lin,

Shikamoo. Nimekusalimu kwa mazoea, nimekaa hapa kwenye cherehani.

Bado sijaacha kushangaa. Siku ile ulipoingia dukani kwangu Kilindoni na vitambaa vya pamba, nilijua unataka suruali za kazi, za kutengenezea injini za boti za hifadhi ya bahari. Kumbe unataka nguo za kuzikiwa! Nikakwambia acha uchuro. Ukacheka mpaka ukakohoa, ukanieleza kwamba kwenu China mzee akishonewa mapema anaongezewa umri, na watoto wake wanafurahi. Neno kifo lenyewe hukulitamka. Ulisema tu siku ukiondoka. Nguo ziwe witiri, idadi isiyogawanyika kwa mbili, kama sanda zetu, na vifungo visiwepo, kamba za kitambaa tu.

Nikashona hivyohivyo. Ukazijaribu mbele ya kioo changu, ukajigeuza huku na huku kama bwana harusi, ukawaita na wauza samaki waje waone. Walitoka mbio, wallahi. Na kila ulipokonda ulinirudishia nizipunguze.

Kilichoninyima usingizi ni ombi lako. Wanao wako mbali, ukataka nikuvike mimi, tena kabla pumzi haijakatika. Mimi niliyeshindwa kuingia chumba alichooshewa baba yangu! Nilikubali kwa aibu, nikamwomba Mungu siku hiyo nisiwepo kisiwani.

Nilikuwepo. Ulipoagiza niitwe nilikuja, nikidhani nitamkuta mtu anayepambana na mauti. Ukaninyooshea mkono mwenyewe, kama mtoto anayevalishwa kwenda chuo cha Kurani. Ukapapasa mshono wa begani.

"Imekaa," ukasema.

Subhanallah, Babu. Hofu ilinitoka palepale, sijui ilikwenda wapi. Nikafunga kamba moja moja huku unanitazama, mpaka ukaacha kunitazama.

Mwanao mkubwa alifika baadaye, akalia sana, akanishika mikono. Watu wa hifadhi ya bahari wamepata fundi mwingine wa boti zao. Kijana mzuri, ila hana utani.

Na mama yangu, kule Kanga, kila nikienda huanza kunieleza nani amwoshe na wapi tumzike. Siku zote namkatiza, nambembeleza tuzungumze mengine. Ananipakulia chakula.

Kwaheri, Babu yangu. Pumzika. Ijumaa nakwenda Kanga, na nakuahidi safari hii nitaanza mimi: Mama, twende ukanionyeshe mahali.

Fundi wako, Juma