Vazi Lililorukiwa na Damu ya Sadaka

Jumatatu, 4 Mei
Naandika kwa sababu nina hasira, na hapa ugenini, mtaani Berea, hasira yangu haina msikilizaji. Wenzangu watatu wa chumba hawana haja na Mambo ya Walawi.

Mchungaji wetu, Papa Ilunga, amenipa Jumapili tatu za kufundisha darasa la Biblia kanisani Rosettenville. Mada: maana ya sadaka za wanyama katika ibada ya Israeli ya kale. Nikifaulu, darasa ni langu. Nina shahada ya theolojia niliyoipata kwetu Lubumbashi, na kwa miezi kumi na minne kazi yangu imekuwa ulinzi, kuandika namba za magari getini, Randburg. Nahitaji kuitwa mwalimu na mtu angalau mmoja katika jiji hili.

Kizuizi ni kimoja. Shemasi Fiston, fundi cherehani. Ameongoza darasa hilo miaka sita bila cheti chochote. Husoma kwa kufuatisha kidole. Simpendi.

Jumapili, 10 Mei
Somo la kwanza. Suti, tai, neno la Kiebrania ubaoni. Nimeeleza kwamba mtoa sadaka aliweka mkono juu ya kichwa cha mnyama, dhambi zake zikahamia humo, mnyama akafa badala yake, na kuhani akaipeleka madhabahuni damu iliyojaa uovu. Mama mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Eish, huyu kweli alisoma."

Kisha Fiston akainua mkono, akasimama.

"Mwalimu, miye ni mutu wa nguo. Damu ya sadaka ya zambi ikirukia nguo, nguo ile walikuwa wanafulia wapi?"

Nikamjibu kwamba hili ni darasa la theolojia, si la madobi. Watu walicheka sana. Hata mkewe. Fiston akakaa. Nimefurahi kuliko inavyofaa.

Jumanne, 12 Mei
Swali limekataa kutoka kichwani. Getini, kati ya gari na gari, nimefungua Walawi sura ya sita. Vazi lile lafuliwa mahali patakatifu. Nyama ya mnyama yule yaitwa takatifu sana, na kuhani huila ndani ya ua wa hema. Ikiwa imejaa dhambi, aila vipi?

Nikaenda sura ya kumi na sita, ile ya Siku ya Upatanisho. Mnyama anayeungamiwa dhambi juu ya kichwa chake ni mbuzi yule anayeachwa hai na kupelekwa jangwani. Hachinjwi. Damu ya mwenzake aliyechinjwa hutakasa madhabahu. Hutakasa! Haimpelekei Mungu uchafu. Huondoa uchafu ambao watu wameuingiza nyumbani mwake.

Nimekosea. Kosa lile lile limo katika tasnifu yangu, na lilipewa alama ya juu.

Fiston alijua. Aliuliza kwa upole ili kunipa nafasi ya kujirekebisha. Kwa upole huo namchukia zaidi.

Jumapili, 17 Mei
Somo la pili: sadaka ya amani. Salama. Mafuta kwa Mungu, kidari na paja kwa makuhani, nyama iliyobaki kwa mtoa sadaka na watu wake. Swali la vazi sikuligusa. Fiston alikuwa amefungua Biblia sura ya sita, akaiacha wazi magotini saa nzima.

Baada ya ibada Papa Ilunga alinishika bega. "Mwana, darasa ni lako. Jumapili nitatangaza. Na usikubali mafundi wakusumbue na maulizo."

Nikasema ndiyo, Papa. Fiston alisikia. Nilitaka akasirike. Alikuwa akikunja viti.

Alhamisi, 21 Mei
Nimegombana na chumba kizima kwa ajili ya sufuria. Somo la tatu haliandikiki. Ni Siku ya Upatanisho, mbuzi wawili, mmoja hai. Siwezi kulifundisha bila somo la kwanza kuanguka. Ama nidanganye mbele ya mtu anayejua, ama nijibomoe mwenyewe. Nawachukia mbuzi wote wawili.

Jumapili, 24 Mei
Nilisimama kabla ya somo na kabla ya tangazo. Nikasema kwamba nilichofundisha Jumapili ya kwanza ni kosa, kwamba shemasi aliliona, na kwamba nilimdhihaki kwa kuwa sikuwa na jibu.

Papa Ilunga akauliza mbele ya wote: "Mwalimu anayejikana mwenyewe, tutamwamini siku gani?" Hakutangaza, na somo la tatu sikulifundisha. Darasa limebaki kwa Fiston. Mama wa mstari wa mbele aliniambia, "Pole, mwanangu." Pole hiyo imeniuma kuliko tusi.

Fiston alinisubiri mlangoni. "Weye ulinichekea mbele ya watu. Hata bibi yangu alicheka, mpaka leo ananiita dobi."

Nikamwomba radhi.

"Nimesikia. Na ile Kiebrania, ilikuwa ya kweli ao ulikuwa unatutisha tu?"

"Ya kweli."

Akaenda zake.

Jumatatu, 25 Mei
Baridi imeanza. Magari machache getini.

Ujumbe wa Fiston umeingia adhuhuri. Siku ya Upatanisho ataifundisha yeye. Anataka nimsomee sura ya kumi na sita kwa Kiebrania, neno kwa neno, aelewe kabla ya kusimama. Siku ya darasa nitakaa nyuma kama wengine.

Bado simpendi. Nimemjibu kwamba nitakuja. Alhamisi, saa kumi na moja jioni, dukani kwake.