Sampuli namba tisa

Shoga, nimechoka hata kushangaa siwezi.

Wale wagonjwa wanne wa figo waliopata nimonia ya kuvu, majibu ya vinasaba yametoka leo. Kuvu ni yule yule kwa wote wanne, vinasaba vinafanana kabisa. Maana yake wameambukizana, au kuna mtu kawapelekea.

Bosi akauliza, "Sampuli namba tisa ni ya nani? Naye ana kuvu huyo huyo."

Namba tisa ni mimi. Nilijitolea kusukutua mdomo na kutema kwenye kichupa ili maabara ipate mtu asiyeumwa wa kulinganisha nao. Sikohoi, siumwi. Nimembeba tu huyo kuvu.

Unamkumbuka babu wa kitanda cha tatu, mmoja wa wale wanne? Kabla hajapata hiyo nimonia, kila Jumanne nikienda kumtoa damu alikuwa ananisihi, "Mjukuu wangu, kaa kidogo tuongee."

Nilikuwa nakaa.