Gari la Rangi ya Kwaresima

Hamtramck, Michigan
Machi 9, 2004

Kaka yangu Chester,

Pokea salamu nyingi kutoka katika nyumba ulimozaliwa. Natumai mvua za huko Oregon hazijakiamsha tena kile kifua chako, na kwamba goti uliloumia vitani bado linakubeba. Mimi sijambo. Presha hupanda na kushuka inavyojisikia. Daktari ananikataza chumvi, nami namwitikia kwa kichwa tu. Wiki mbili zilizopita, siku ya kuamkia Jumatano ya Majivu, nilikaanga paczki, yale maandazi yetu ya Kipolandi, kama alivyozoea Mama, dazeni tatu nzima zenye jamu, halafu nikakaa nazo mezani nikakumbuka kwamba sina wa kumlisha. Nikampelekea jirani yetu, Stasia Kulik, dazeni mbili. Alisema jamu nimeionea uchoyo, kisha akazila zote.

Unajua mimi na wewe hatuandikiani barua. Ni kadi za Krismasi tu, wewe unatia jina lako na mimi natia langu, miaka thelathini na miwili sasa. Zako nimezitunza zote kwenye kabati la Mama. Huwa nazitoa na kuzisoma ingawa hakuna cha kusoma ndani yake. Kwa hiyo kadi ya safari hii ilinishtua, maana ilikuwa na sentensi nzima: liuze lile gari, Delphine, nimechoka kujua kwamba lipo. Niliisoma nikiwa nimesimama barazani bila koti, na ni Stasia aliyenifokea niingie ndani kabla sijaganda.

Basi nilikutii. Niliuliza huku na huku nikaelekezwa kwa Bwana Dwight Pruitt wa Flint, anayefufua magari ya enzi zile. Alikuja Alhamisi iliyopita, mwanamume mnene mwenye kofia ya besiboli, anazungumza na gari kabla ya kuzungumza na mwenye gari. Nilipotoa turubai alipiga mluzi. Akasema, "Mama, milango miwili, la mwaka sabini, injini ile kubwa, na wewe hujawahi kuliendesha hata kwenda kununua mkate?" Nikamjibu kwamba gari ni la kaka yangu, siyo langu. Akaniuliza kaka yangu ana akili timamu kweli. Nikamwambia alikuwa nazo alipoondoka.

Watu wa kazi ile, Chester, hawaiamini rangi wanayoiona. Alifungua boneti akasoma kile kibati kidogo chenye namba za kiwandani, akasema gari hili lilizaliwa zambarau. Lakini hata kibati hakukiamini. Aling'oa mpira wa buti, akalala chali chini ya dashibodi na tochi mdomoni, maana anasema huko ndiko jua haliingii na mpakaji wa baadaye hafiki. Akaniita nichungulie. Niliinama nikaiona zambarau yako, Chester, inang'aa kama siku ulipoileta nyumbani ukipiga honi mtaa mzima. Nikalia mbele ya mtu nisiyemjua, naye akajifanya anatafuta bisibisi.

Sijui kama bado unamkumbuka Baba wa miaka ile, au unamkumbuka yule tu uliyegombana naye. Mimi namkumbuka akirudi kutoka kwenye chumba cha kupulizia rangi kiwandani, masikio yana kijani cha ndimu. Tukitaka kujua wateja wameagiza nini wiki hiyo, tulitazama leso yake akipenga kamasi: leo chungwa, kesho manjano ya ndizi, na ile wiki ya waridi Mama alikataa kuzifua leso. Alisema Marekani imeingia wazimu, kwamba zamani gari lilikuwa jeusi na mtu anaheshimika. Nawe ukaenda ukaagiza zambarau. Alikutania mwezi mzima. Alisema umenunua gari la Kwaresima, kwamba padri akikosa joho lake la zambarau atakuja kuazima boneti yako. Wewe ulikuwa unacheka, lakini niliona lilikuchoma.

Ndiyo maana nadhani uliamini upesi hivyo, siku ile ya Oktoba uliporudi na mkongojo ukalikuta gari lako limekuwa kijivu.

Bwana Pruitt naye aliuliza habari ya kijivu. Aliuliza nani aliyefanya ukatili huu. Nikamjibu kama nilivyomjibu kila mtu tangu mwaka sabini na moja: Baba. Nikaongeza kwa fahari kwamba alipaka rangi magari kiwandani miaka ishirini na sita. Mwanamume yule alicheka hadi akakohoa. Akasema, "Mama, usimsingizie marehemu." Akanivuta hadi kwenye mlango, akanionyesha michirizi iliyotiririka ikakauka, na nywele tatu za brashi zimeganda ndani ya rangi. Akasema hii hata siyo rangi ya gari, hii ni rangi ya kupaka ngazi za baraza, na mtu aliyeshika bunduki ya kupulizia rangi miaka ishirini na sita angekatwa mkono kabla ya kufanya hivi. Ilimchukua dakika tano. Tangu Alhamisi silali vizuri, na leo nimeamua kuandika.

Acha nikueleze mambo yalivyokuwa ulipokuwa vitani. Mwezi wa Machi wale wanajeshi wawili walikuja mlangoni wakasema hujulikani ulipo. Hawakusema umekufa, na hilo ndilo lililotumaliza, maana hatukujua tulie au tungoje. Baba alienda kazini kesho yake kama kawaida. Mama aliweka kiti kwenye dirisha la jikoni, akawa anakitazama kile kijia cha kando ya nyumba ambako Baba alikuwa analitoa gari lako kulipasha injini. Alikaa hapo toka asubuhi. Supu ikipoa mbele yake haigusi. Halafu ikafika ile Jumapili ambayo kanisani wanafunika sanamu zote kwa vitambaa vya zambarau mpaka Pasaka. Nilikuwa nimemshika mkono tulipoingia. Aliviona vile vitambaa, kila mtakatifu amefunikwa zambarau kichwa hadi miguu, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu. Tulimtoa nje. Tukarudi nyumbani, na hapo kando ya nyumba zambarau nyingine ikawa inamngoja.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliona nimeelewa kila kitu. Nilisema moyoni, rangi hii ndiyo inayomuua Mama.

Jumapili iliyofuata, wao walipokwenda kwenye ibada ya nyimbo za Kwaresima za alasiri, mimi nilisema nina mafua. Nilishuka kwenye chumba cha chini nikachukua ile rangi ya kijivu ambayo Baba alinunua kwa ajili ya ngazi za mbele, na brashi pana. Chester, siyo Baba. Ni mimi niliyelipaka gari lako. Nilipaka saa tatu nzima kwenye baridi ile, vidole vimekufa ganzi, rangi haikauki, inatiririka, na mimi napaka juu yake. Kila sehemu iliyofunikwa nilijiambia Mama ataila supu yake.

Walirudi nikiwa bado nimeshika brashi. Mama alisimama kwenye kijia, akatazama, kisha akauliza taratibu, "Nani amemwondoa?" Nilimwambia nimefanya kwa ajili yake. Akasema alikuwa anakaa dirishani kwa sababu rangi ya lile gari ilikuwa inapiga kelele kama wewe, na kelele hizo tu ndizo alizokuwa amebaki nazo. Hakunifokea. Aliingia ndani, akageuza kiti. Hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata padri.

Baba alichovya kidole kwenye rangi mbichi akainusa. Akanichukulia brashi mkononi akaenda kuiosha kwa tapentaini, maana hakuweza kuvumilia kuona brashi ikikaukiwa na rangi. Alisema neno moja tu: "Ungeniambia."

Mwezi wa Mei tuliambiwa umepatikana, uko hospitali Japani, makaratasi yalichanganywa. Tulicheza jikoni, hata Stasia aliruka ua. Nilikuwa nataka kukuandikia habari ya gari kila wiki, na kila wiki nilisema, mwache apone kwanza. Ukarudi. Ukasimama mlangoni mwa gereji, hukusogea hata hatua moja, ukasema tulikuzika kabla hujafa, na kwamba unajua mkono wa nani umefanya hivyo. Nilifungua mdomo. Baba akanitangulia. Akasema, "Ni mimi." Nawe ukamwambia maneno yale, unayajua, sina haja ya kuyarudia. Jioni ile ulipanda basi.

Nilimfuata Baba chini nikamuuliza kwa nini. Alikuwa anapanga makopo ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Alisema mtu aliyetoka kule lazima amkasirikie mtu, na afadhali awe mzee atakayekufa kuliko dada atakayebaki naye. Akanikataza kusema. Alisema hasira hizi ni za wiki chache, utakuja kabla ya Krismasi. Kisha akaniambia jambo lingine, nalo limenikaa shingoni miaka yote hii. Alisema ulipoagiza gari lako alitafuta namba ya agizo, akawa anaingoja kwenye mstari wa magari kiwandani siku kumi na moja. Lilipofika alibadilishana zamu na mwenzake ili alipulizie yeye. Alilipiga rangi mara mbili, mpaka ndani kusikoonekana, msimamizi akimpigia kelele kwamba anachelewesha magari ya nyuma. Zambarau niliyoifunika ilikuwa mkono wake. Wala hakunilaumu. Alicheka kidogo akasema angekwambia, ila ungevimba kichwa.

Bwana Pruitt aliliona hilo pia, bila kuambiwa. Kabla hajaondoka alirudi tena chini ya dashibodi akiguna. Alisema kiwandani hakuna aliyekuwa na muda wa kupiga mara mbili nyuma ya dashibodi, kwa hiyo aliyelipulizia hili ama alikuwa kichaa ama alijua ni la nani.

Kila mkesha wa Krismasi, ile sahani ya mgeni tunayoiacha wazi mezani, Baba alisema ni ya Chester, na mwaka ule mjomba alipotaka kukaa mbele yake alimwondoa kama mtoto. Sahani kumi na nane. Mkesha wa kumi na tisa hakuufikia. Nilipokupigia simu kwamba amefariki ukasema pole, ukakata. Kwenye maziko ya Mama ulikuja, ukasimama nje ya uzio wa makaburi, ukaondoka kabla ya chakula. Nilikuona. Nilikuwa nimeshika mkate wa chakula cha msiba mkononi, nikashindwa kukuita, kwa sababu kama ungegeuka ningelazimika kusema. Nilikuogopa wewe kuliko Mungu, kaka. Nimekaa na woga huo katika nyumba ya vyumba vitano, peke yangu, na sasa nimeuchoka.

Sijaliuza gari. Bwana Pruitt anasema kijivu hiki kinaweza kutolewa polepole kwa mkono, na chini yake zambarau iko hai. Nimemwambia asubiri, hatoi hata kipande mpaka mwenyewe aseme.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Baba alibeba hasira zako miaka kumi na minane na hazikuwa zake. Ni zangu, naomba unipe. Njoo unigombeze jikoni, kwa sauti, Stasia asikie. Vunja sahani ukitaka, zimebaki nyingi na hakuna anayezitumia. Ukimaliza, twende wote makaburini, ukamwambie Baba mwenyewe, maana mimi nimejaribu mara nyingi na ninajua siyo sauti yangu anayoingoja.

Nisalimie mkeo Lorraine, ambaye sijawahi kumwona uso. Stasia anakusalimu, anasema una deni la kumsalimia yeye kwanza. Jitunze kifua. Ukifika usigonge mlango wa mbele, sisikii vizuri siku hizi. Zunguka nyuma, usukume mlango kwa bega.

Ni mimi dada yako, niliyepaka,

Delphine