Radio za Velkor na jina langu la ubatizo

Jumatatu, 20 Mei 1974

Jambo, kaye yangu, daftari langu. Habari ya siku mingi? Afya iko namna gani — panya hawajaonja ukingo wako? Mimi ni muzima kwa neema ya Mungu, na nimeshitakiwa tribunali.

Ndiyo. Mimi, fundi wa radio wa Kabondo. Kosa langu: nimezifanya radio ziseme.

Nikueleze vizuri. Radio ya Velkor inakula pile, betri, ya aina moja tu, ya pembe nne, ya Velkor, inayouzwa na magazini, duka la Velkor. Kifuniko kinafungwa kwa skrubu ya meno matatu, na ufunguo wake unatoka Velkor. Utafikiri ndani wameficha Sakramenti. Bon. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, serikali ilichukua biashara za wageni ikawagawia wananchi. Mubelgiji mwenye magazini akaenda kwao, magazini akapewa raia mwenzetu, citoyen Lokuli. Akabadilisha kibao cha mulango. Akanunua viatu. Pile hakuagiza hata moja! Miezi sita sasa mji una radio bubu.

Donc nikachonga kiboksi cha mbao: pile nne za kawaida, za duara, waya wa shaba, na kichwa kinachoingia katika tundu la Velkor. Radio inaimba. Watu wanapanga mustari mulangoni kwangu, maana Léopards, timu yetu ya taifa, watacheza Ujerumani tarehe 14 Juni na hakuna anayetaka kusimuliwa na jirani.

Lokuli anasema huo ni wizi. Chombo cha Velkor kinapaswa kula pile za Velkor. Ambazo hana.

Jumatano, 22 Mei

Nimesoma mashitaka. Anataka atelier, karakana yangu, ifungwe na vyombo vyangu vyote vichukuliwe, mpaka chuma cha kulehemu. Miaka kumi na nane ya kazi. Ushahidi wake ni contrat, mkataba wa 1970, siku Mubelgiji aliponipa ule ufunguo wa meno matatu na cheo cha réparateur agréé, fundi aliyekubaliwa na Velkor: sitatengeneza wala kuuza kitu chochote cha kuingia katika chombo cha Velkor kisichotoka Velkor. Nilisaini. Nilikuwa na furaha ya ufunguo, sikusoma mpaka chini. Pélagie, bibi yangu, anasema wanaume wanasaini sawa wanavyooa.

Ijumaa, 24 Mei

Kwa muzee Feruzi, mwandishi wa barua karibu na soko. Anajua sheria kuliko wanaolipwa kuijua. Alisoma contrat mara mbili, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Jina lililosaini ni moja tu: Timothée. Jina langu la ubatizo! Na tangu 1972 majina ya namna hiyo, ya Kikristo, yamekatazwa na serikali. Kwa karatasi zote mimi ni Kisubi.

"Papa Kisubi, uape, useme: huyu Timothée simujui. Basi. Wamutafute."

Akaongeza kwamba jina lake yeye, la Kiislamu, hakuna aliyeligusa, Mungu mukubwa.

Nilicheka naye. Njiani kicheko kikakauka. Petro alisema maneno hayo hayo, karibu na moto. Mimi nitayasema chini ya ventilateri, feni ya tribunali. Maendeleo.

Jumapili, 26 Mei

Baada ya misa nilimufuata padri wetu, Abbé Hubert, sakristia. Nikamuuliza: kukana jina la ubatizo mbele ya hakimu, ni dhambi? Aliangalia dirisha kwanza. Akasema Mungu anajua kila mutu kwa jina lake. Nikamwambia, Abbé, Mungu siye hakimu wa kesi hii. Akasema tuombe. Tukaomba. Yeye mwenyewe siku hizi anasaini jina ambalo mama yake hakumuita.

Alhamisi, 6 Juni

Kesi! Watu wamejaa. Hakimu naye ana Velkor nyumbani, bubu sawa zingine, kila mutu anajua.

Lokuli alisimama na abacost mupya, lile koti lisilo na tai, contrat mukononi. "Mimi," akasoma, "mimi..." Hakimu akamwambia aendelee. Akajibu kwamba pale kuna neno ambalo sheria haitaki litamkwe, na yeye ni mutu wa Chama.

"Sasa nani alisaini?"

"Huyu hapa, citoyen juge."

"Huyu anaitwa Kisubi. Mimi kwa karatasi hii sioni Kisubi."

Watu walicheka mpaka askari akagonga meza.

Kaye, siri yetu sisi wawili: kwa ubatizo Lokuli ni Wenceslas. Tulipata kipaimara siku moja, benchi moja. Jina langu analijua vizuri. Anaogopa tu lisivute lake.

Lakini hakimu si mujinga. Akanigeukia. Jumatatu nitaapa, nimwambie: aliyesaini ni mimi ao si mimi. Neno moja. Nikisema ni mimi, nimefunga atelier kwa mukono wangu. Nikisema si mimi, nimeshinda, na nimejifuta mwenyewe pale nilipomwagiwa maji.

Jumatatu, 10 Juni

Koridori ya tribunali. Kesi ya kuku imetutangulia, nayo ni ndefu.

Asubuhi nilikata shauri: si mimi. Watoto ni watano. Tena Petro alikana mara tatu na hawakumunyang'anya funguo. Nilimwambia Pélagie. Akafunga chakula ndani ya kitambaa, akanifuata. Tangu hapo ananiita "weye" tu, si kwa jina.

Lokuli amekaa benchi ya mbele yetu. Viatu vinang'aa.

Sasa hivi Pélagie amefungua bakuli ya pondu, kisamvu. Kwa sauti ya kawaida, ya jikoni, akasema:

"Timothée, kula kwanza."

Nikaitika. "Eee, mama." Kabla ya kufikiri!

Koridori nzima imegeuka. Lokuli ameinua kichwa. Ushahidi anao sasa. Kilichobaki ni autamke. Hatamki. Ananiangalia sawa siku ile ya kipaimara, akingoja nani atatangulia kwa askofu. Pélagie sijui alisahau, sijui hakusahau. Anapakua pondu.

Karani amefungua mulango. Ameita: citoyen Kisubi.

Kaye yangu, neno nililokata asubuhi silipati mudomoni. Unijibu upesi, tafadhali, ningali nimekaa.