Maternite ya Kasomeno

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Habari njema ofisini! Mfuko wa péréquation – ule wa Kinshasa wa kuinua sehemu zilizobaki nyuma – utajenga maternite moja, nyumba ya kujifungulia, katika jimbo letu. Moja tu. Ofisi yetu ya bajeti itapendekeza mahali, na mwenye kuandika ripoti ni mimi! Jioni nikampigia yaya Mukuka, kaka yangu wa kijijini Kasomeno, nikamweleza. Mdomo wangu huu! Mke wake, wifi Martine, ana mimba kubwa. Yaya akacheka, akasema basi, mambo yameisha.

Jumatano, 5 Novemba

Yaya katuma kikapu cha samaki wa kukausha. Eti kusalimia ofisi. Kwetu huendi kwa watu mikono mitupu. Mchana tukaagiza bukari, ugali wetu, tukala wote – hata chef Anaclet, mkuu wetu wa ofisi, alilamba vidole. Sasa korido nzima ni Kasomeno, Kasomeno. Niliona aibu kidogo, halafu nikaongeza pilipili.

Mwenzangu Casimir peke yake ndiye aliyeuliza, akinawa mikono: “Mama Edith, kila mwaka tunalalamikaka Kinshasa inabakisha fungu ya ma-provinces, inajikulia. Sasa shiye tunafanya nini?” Alisema polepole, bila ubaya. Na kichwa cha samaki alikula yeye!

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Nimesoma madosye, faili za vijiji vinavyoomba. Kasomeno: maternite ipo, paa linavuja. Kijiji kingine, cha Mitwaba: hakuna kitu. Wanazalia jikoni kwa katekista. Nilitafuta hoja ya kumwokoa yaya, nikakosa. Naumia kweli.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimesimama mkutanoni, nimesema Mitwaba. Chef akauliza: “Na ile samaki?” Chumba kizima kicheko – na wakakubali! Casimir akapiga meza. Nimerudi nyumbani Bel-Air nikiimba njiani kama mwendawazimu. Yaya sijamwambia. Kesho.

Jumamosi, 8 Novemba

Yaya amefika! Bila kupiga simu. Yeye, wifi Martine na jogoo. Kujenga kutachukua muda, anasema, kwa hiyo wifi ajifungulie kwetu mjini. Ananikumbatia, anashukuru, anashukuru tena. Nikafungua mdomo – jogoo akaingia chini ya kabati, tukamfukuza wote kwa fagio. Nafasi ikapita.

Sasa nimejifungia chumbani. Sebuleni yaya anamweleza mume wangu Sylvain: “Mutoto akikuwa mwanamuke, jina iko Edith. Juu yeye njo alituletea maternite.” Sylvain anajua yote. Anakohoa tu, mnafiki yule.

Halafu wifi kaguna. Viti vinasogezwa.

“Edith,” Sylvain anaita, “kuya. Mutoto anakuya.”

Naja, nasema. Viatu viko wapi? Yaya anamtuliza mkewe nyuma ya mlango: “Usiogope, mama Edith.” Hilo jina ninaloitwa ofisini si langu tena. Tayari ni la Martine.