Karamu Iliyomkosa Mwenyewe

3 Machi

Binti yangu mshonaji,

Amani ya Mola ikufikie, na afya ikukute hapo ulipo. Mimi sijambo, ila magoti yananisomea umri wangu kila asubuhi. Barua hii atakusomea jirani yako muuza dawa, naye namsalimu. Lipo jambo nililotaka kukuambia tangu utoto wako, lakini si la kupita kinywani mwa mtu. Basi nalimeza tena.

Baba yako

19 Agosti

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Magoti je? Hii naandika mwenyewe! Miezi mitano nasoma darasa la watu wazima, karakana ikifungwa saa kumi. Jirani analalamika eti nimemfukuza kazi. Sasa liseme lile jambo, Baba, nitalisoma peke yangu. Na naomba karamu, ile waliyopewa kaka zangu chuoni kwako, mimi nikakosa.

Mwanao

10 Septemba

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu za mwenye kushukuru. Barua yako niliibusu kabla ya kuisoma. Kisha nikatii: nikachinja mbuzi wawili, nikaalika mtaa mzima, nikatangaza, "Binti yangu amehitimu!" Tukakungoja Ijumaa kutwa, nikiamini aombaye karamu yuko njiani. Kaka yako seremala alipoisoma barua akaangua kicheko: "Baba, dada anataka kalamu!" Mimi niliyefundisha watoto wa watu matamshi ya herufi miaka arobaini, nimeangushwa na herufi moja.

Sasa lile jambo. Siku niliyowakalisha kaka zako mkekani na mbao zao, wewe nilikukabidhi ndoo. Ukawa unasimama nyuma ya mlango, ukiitikia nao. Nilikusikia, nikaufunga mlango. Neno la kwanza kushushwa lilikuwa "Soma", nami nikaligawa kana kwamba ni mali yangu. Nilikufunga, mwanangu, bila kamba. Nisamehe. Namshukuru Mola aliyekufungulia nami ningali hai.

Kalamu yangu ya ujanani imo humu. Wala usiisahihishe barua yako. Karamu nayo ilikuwa haki yako.

Baba yako

2 Oktoba

Baba, shikamoo.

Kalamu imefika salama, nami mzima. Jana fundi mkuu alinisogezea wino nitie dole gumba kwenye mkataba, kama miaka yote. Nikamwambia, "Subiri, mzee, kwanza nisome." Nikausoma wote, yeye amesimama. Kisha nikaandika jina langu kwa kalamu yako.

Hao mbuzi mliwamaliza?

Nilikusamehe zamani, Baba. Neno hilo nilikuwa sijui kuliandika tu.

Mwanao